Mpira si duara, na dunia vilevile

SWALI: Napenda kupiga picha za maumbo ninayoyaona kwenye vitu vya kawaida: vifuniko, vikombe, mipira, matone ya maji, vivuli. Kila picha naiwekea maelezo mafupi. Je, niandike "duara" au "mviringo"? Na mkusanyiko wote niuite "maumbo" au "maumbile"?

JIBU: Ndugu msomaji, umegusa donda. Mviringo umetokana na kitenzi kuviringa, na ni neno pana: yai lina mviringo, kokoto la mtoni lina mviringo, hata uso wa mtu huitwa wa mviringo na hakuna anayelalamika. Duara limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kuzunguka, ule ule uliotupa duru. Nalo ni neno la hesabu, lina masharti: kila nukta ya mzingo wake iko umbali sawa na kitovu. Lakini sharti linalosahauliwa kuliko yote ni kwamba duara ni bapa. Linachorwa kwenye karatasi. Halina tumbo wala mgongo.

Hapo ndipo ninapokosana na nusu ya waandishi wa siku hizi. Mpira kwao ni duara. Chungwa duara. Bomba la maji, eti duara. Na ukiwauliza wamelitoa wapi, wanakujibu kwa msemo: dunia ni duara!

Dunia si duara. Dunia ni tufe, yaani umbo la mpira, na hata utufe wake haujakamilika, maana imebonyea kidogo kwenye ncha. Kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 12,756 hivi, na kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 12,714 hivi. Ingekuwa duara ingekuwa bapa kama sahani, na kuna watu mpaka leo wanaoshikilia hivyo hivyo. Sisi tunawapa silaha kwa uzembe wa maneno. Chukua sahani uiinamishe mbele ya taa, utaona kivuli chake ukutani kikibanwa mpaka kinakuwa chembamba. Chukua mpira uugeuze utakavyo mahali pale pale, kivuli hakibadiliki. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliitumia hoja ya kivuli zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: mwezi unapopatwa, ukingo wa kivuli cha dunia juu yake daima umepinda kama sehemu ya duara, na kitu ambacho kivuli chake ni duara kila upande ni tufe. Hoja nzima imesimama juu ya tofauti ya maneno mawili ambayo sisi tunayachanganya bila hata kushtuka.

Wala neno lenyewe si geni. Kwenye riadha watu wanarusha tufe, na tangu nizaliwe sijasikia mtangazaji akisema wanarusha duara. Kitufe unachokibonyeza kwenye kamera ni kidogo chake tufe. Neno limo mdomoni mwa kila mtu, ila likifika kwenye kalamu linafukuzwa.

Msemo nauacha. Anayekutana na rafiki wa zamani akasema "dunia duara" hazungumzii jiografia. Anasema mambo huzunguka yakarudi, na maana hiyo imo ndani ya mzizi wa neno. Nimechoka kupigana na misemo, na huu una haki yake. Anayeandika kitabu cha sayansi kwa watoto hana haki hiyo.

Sasa wewe mpiga picha una jambo la ziada, na ndilo lililonifurahisha katika swali lako. Kamera hugeuza kila kitu kuwa bapa. Tarehe 7 Desemba 1972 wanaanga wa Apollo 17, safari ya Wamarekani kwenda mwezini, waliipiga dunia picha wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi, ikaonekana nzima, imeangazwa na jua. Kilichopigwa picha ni tufe. Kilichomo kwenye picha ni duara. Kwa hiyo ukiandika "duara" chini ya picha ya mpira kwa kuwa unataja unachokiona pichani, nakuunga mkono. Ukiandika "mpira huu ni duara", nakukatalia.

Kikombe ndicho kitakachokusumbua. Kiweke mezani, simama ukipige kutoka juu kabisa: mdomo wake ni duara. Anza kuishusha kamera. Upana wa mdomo unabaki, ila kimo chake pichani kinapungua, nalo linakuwa duaradufu. Ukifika mahali ambapo kamera inautazama mdomo kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wake, kimo kimebaki karibu nusu ya upana. Shuka hadi usawa wenyewe, na duara limekwisha. Umebaki na mstari. Kikombe ni kile kile, kimetoa majina matatu. Andika jina la umbo lililomo kwenye picha yako, usiandike lile unalolijua kichwani. Kiwiliwili cha kikombe, kama kimenyooka toka chini hadi juu, ni mcheduara, na bomba la maji ni hivyo hivyo.

Tone la maji linaloning'inia liite la mviringo tu, maana si tufe wala si duara, limevutwa na uzito wake. Kivuli cha mpira sakafuni, jua likiwa limeinama, ni duaradufu.

Kuhusu jina la mkusanyiko: maumbo. Maneno yote mawili yametoka kwenye kuumba, lakini maumbile ni namna kiumbe kilivyoumbwa, mwili wake na tabia yake. Ukiandika "Maumbile" juu ya picha za vifuniko na vikombe, msomaji atakuja akitarajia wanyama na misitu, au miili ya watu.