Kabla ya Kupanda Mikoko, Yatazame Maji

Mara ya kwanza nilipokwenda kupanda mikoko na wenzangu, tulichagua tope tupu lililo pana, lisilo na mti hata mmoja. Tulichomeka miche mistari mistari maji yakiwa yamekupwa, tukaondoka na matope hadi kiunoni na furaha tele. Miezi michache baadaye nilirudi peke yangu. Mingi ilikuwa imeng'olewa na mawimbi. Iliyobaki ilikuwa imeinama kwa uzito wa vile vidudu vyenye gamba vinavyoganda kwenye matumbo ya mashua. Niliumia sana.

Basi kabla hujashika mche, jiulize: kwa nini hapa hapana mikoko? Mbegu ya mkoko huchipua ingali mtini, ikaning'inia kama kifimbo cha kijani, kisha hudondoka na kuelea hadi ipate pa kushika. Ikiwa miti ya jirani hudondosha mbegu kila mwaka na hapo hapaoti kitu, ipo sababu, na mara nyingi sababu ni maji. Mikoko hustawi kuanzia usawa wa kati wa bahari, yaani katikati ya maji kujaa na kupwa, kwenda juu, panapofunikwa na kuachwa wazi. Chini ya hapo mche hukaa majini mno, ukafa. Huko Ufilipino miche mingi imeteketea kwa kosa hilihili.

Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, urudi siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Simika kijiti, tia alama maji yanapofikia. Ukikuta tuta la bwawa la kufugia kamba lililotelekezwa, au barabara iliyoziba mkondo, chukua jembe, miche iache kwanza. Fungua njia ya maji, kisha ngoja. Mwanaikolojia Robin Lewis alifanya hivyo Florida: alirekebisha kimo cha ardhi na mikondo, mikoko ikaja yenyewe.

Ikibidi kupanda, usipande mkoko wenyewe, ule wa mbegu ya kifimbo, kila mahali eti kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kuchomeka. Ukingo wa bahari mara nyingi ni wa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko. Ulambe jani la mchu, utaonja chumvi ambayo mti umeitoa. Hivyo vijiti vinavyochomoza topeni kuuzunguka ni mizizi yake ya kupumulia. Tafadhali msiikanyage mkipita na miche yenu. Ikifukiwa na mchanga, mti mzima hukauka umesimama.

Siku hizi nikialikwa kupanda, naomba kwanza nipelekwe kupaona, maji yakijaa na yakikupwa. Na nauliza tarehe ya kurudi kuhesabu iliyo hai.