Kabla Hujaandika "Hasi": Kwa Watarajali wa Chumba cha Vipimo vya Moyo

Ijumaa jioni, nilipokuwa nikipitia vyeti vya wiki kabla ya kufunga chumba, nilikuta cha mama mmoja wa Misungwi, mwenye umri wa miaka 61, aliyetembea kwenye mashine ya mwendo, ile tunayompandisha mgonjwa ili moyo uende mbio huku tukiuchora umeme wake, kwa dakika nne, mapigo yake yakaishia 118, na chini yake mmoja wenu akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Hasi. Moyo hauna tatizo." Sikuwahi hata kukasirika, kwa kuwa neno hilo hilo, kwa kosa hilo hilo, niliwahi kuliandika mimi kabla ninyi hamjajua kutofautisha wimbi la P na la T. Vumilieni basi, wadogo zangu, niwaeleze machache, na mnisamehe nikitoka nje ya namba, maana sijawahi kuhesabu hadi tano bila kukumbuka mgonjwa.

1. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ya mapumziko iliyo safi haimwondolei mtu shaka ya mishipa ya moyo. Mshipa unaweza kuwa umebanwa kwa asilimia 70 na mgonjwa aliyelala kitandani akaonekana mzima, kwa sababu mishipa midogo iliyo mbele yake hutanuka kufidia, na upungufu hujitokeza pale tu moyo unapodaiwa damu zaidi. Bibi mmoja wa Magu, akiwa ameshika kanga kwa mkono mmoja na reli ya mashine kwa mwingine, aliniuliza, "Mjukuu wangu, tunakimbia kwenda wapi?" Nilipomweleza kwamba tunautafuta uchovu wa moyo wake, akasema huo ningeupata bure kama ningemsindikiza kisimani. Ilikuwa historia nzuri ya ugonjwa kuliko ile niliyokuwa nimeiandika kwenye faili lake.

2. Safisheni ngozi kwa spiriti, nyoeni nywele za kifua inapobidi, na waya za mikono zisibadilishane.

3. Mgonjwa anayetumia digoksini (dawa ya moyo inayobadilisha mchoro wenyewe), ambaye tawi lake la kushoto la umeme wa moyo limeziba, mwenye betri ya moyo, au ambaye ST yake (kipande cha mchoro kinachoweza kushuka moyo ukikosa damu) imeshuka kwa milimita moja au zaidi kabla hajapiga hatua, msimpandishe kwenye mashine kwa lengo la kusoma ST. Mpelekeni kwenye ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya dobutamini, dawa inayouharakisha moyo, au kipimo kingine cha picha.

4. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Alikuwa fundi mitumbwi wa Ukerewe, mwenye miaka 58, aliyevuka kutoka Nansio akilalamika kwamba kifua humbana anapouvuta mtumbwi kuupandisha nchi kavu, na kwamba maumivu hupanda hadi kwenye taya. Nilipiga hesabu tuliyofundishwa sote: 220 toa umri wake, 58, ni 162, mapigo ya juu yanayotarajiwa kwa dakika, na asilimia 85 yake, ambayo ndiyo lengo la kipimo, ni 138. Tukaanza kwa utaratibu wa Bruce, unaoongeza kasi na mwinuko wa mashine kila dakika tatu, na hatua ya kwanza, dakika zake tatu zote, ikapita katika mazungumzo ya bei ya mbao. Katika hatua ya pili, dakika ya tano, akaomba kushuka kwa kuwa miguu imechoka. Mapigo yalikuwa 112. ST haikuwa imeshuka, foleni ilikuwa ndefu, umeme ulikuwa umekatika mara mbili asubuhi hiyo, nami nikaandika "hasi". Tena nikampa mkono wa pongezi.

Sikuwa nimemuuliza dawa. Alikuwa amemeza atenololi, dawa ya presha inayozuia mapigo ya moyo kupanda, asubuhi ile, kwa utii, kwa kuwa kliniki ya presha ilimwonya asiiache hata siku moja. Mimi ndiye niliyepaswa, nilipompangia tarehe, kukubaliana na daktari wake iwapo aisimamishe siku mbili kabla. Sikujiuliza inakuwaje mtu anayeshinda akiranda mbao na kuburuta mitumbwi achoke miguu dakika ya tano. Kuchoka kule kulikuwa sehemu ya jibu, nami nilikuona kama usumbufu. Kisha nikaita hasi moyo ambao haukuwahi kudaiwa chochote, ilhali maneno ya kuandika yalikuwepo: "Hakikufikia lengo; hakitoi jibu."

Aliletwa baada ya wiki tatu, usiku, akiwa na shambulio la moyo la ukuta wa mbele. Maumivu yalikuwa yameanza asubuhi, na kila mkewe aliposihi watafute boti, alimwonyesha cheti changu, ambacho alikuwa amekitia plastiki mjini ili kisiloane ziwani. Mama yule alinikabidhi cheti hicho bila neno la lawama, akidhani kitanisaidia kumtibu. Fundi alipona, lakini ECHO ilionyesha kwamba nguvu ya moyo kusukuma damu imebaki asilimia 30, na mtumbwi hakuvuta tena. Wenzangu walinifariji kwamba mashambulizi mengi huanzia kwenye utando wa mafuta unaopasuka mahali ambapo mshipa haukuwa umebanwa sana, hivyo hata kipimo kilichokamilika kingeweza kumkosa. Ni kweli, na ninyi nimewafundisha hivyo. Lakini saa zile alizongoja nyumbani zilitokana na sahihi yangu.

5. Hata kikifanywa vizuri, kipimo cha mashine huwakosa takriban theluthi moja ya wagonjwa na kuwasingizia takriban robo ya wazima, kwa hiyo umri, sukari, sigara na aina ya maumivu vipimwe kichwani kabla mgonjwa hajavua viatu. Kabla hujamwandikia mtu CT (picha ya mionzi) ya mishipa ya moyo na kumpa safari ya Dar es Salaam, hakikisha kreatinini yake (kipimo cha damu cha figo) inajulikana na mapigo yake yanaweza kushushwa karibu na 60, kwa kuwa sijui nitamweleza nini mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 1,000 akarudi na picha yenye ukungu.

Jumatatu saa moja na nusu, kabla ya raundi, nileteeni vyeti vyote vya wiki mbili zilizopita vilivyoandikwa "hasi", na kando ya kila kimoja muwe mmeandika mapigo ya juu aliyoyafikia mgonjwa na dawa alizomeza siku ile. Yule mama wa Misungwi nimekwisha kumpigia simu. Anakunywa atenololi.