Barua kwa mwanangu: nilikokuwa nikienda kila Alhamisi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara tatu. Umeniuliza nilikuwa nikienda wapi kila Alhamisi jioni ulipokuwa sekondari, na kama mtu asiye na hakika kwamba yeye ni mlevi anaweza naye kwenda huko. Umeandika kwamba unamwulizia rafiki. Nitakujibu wewe.

Nilikuwa nikienda kwenye mkutano wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambao wengi tunauita AA tu, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Ninyi watoto mliambiwa kwamba ni mazoezi ya kwaya, na mama yenu alikubali kunisitiri kwa sababu miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amechoka kunifuata mangweni usiku.

Mtu asiye na hakika anaweza kwenda. Sharti la kujiunga ni moja tu, nalo ni hamu ya kuacha kunywa. Hakuna atakayekuuliza unakunywa chupa ngapi, hakuna ada, na kikapu kinachopitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya ukumbi unaweza kukiacha kipite. Mimi nilikaa miezi minne nikijiambia kwamba nimekwenda kutazama tu, na hakuna aliyenihimiza nijiite chochote.

Ila nakusihi jambo moja kabla ya mkutano wowote. Ikiwa unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate funda la kwanza, usiache ghafla ukiwa peke yako. Nenda kwanza kwa daktari na umwambie kiasi chako cha kweli. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa ghafla unaweza kupata degedege, na siku ya pili hadi ya nne yanaweza kuja maruweruwe yanayoweza kuua. Mimi niliacha kwa kiburi, na siku ya tatu niliona siafu wakitambaa ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona. Ami yako ndiye aliyenibeba hadi hospitalini.

Kupata kikundi Nairobi si kazi ngumu. Piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, au uliza katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu nawe. Ipo pia mikutano ya mtandaoni kwa siku ambazo miguu inakataa. Ukikuta kikundi kisichokufaa, jaribu kingine, kwa kuwa kila kimoja kina tabia yake, na mimi nilitulia katika cha tatu.

Utakuta viti vimepangwa duara na birika la chai pembeni. Mwenyekiti hufungua kwa sala fupi. Anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza, wote humwitikia kwa salamu, kisha huachwa aseme mpaka amalize bila kukatizwa wala kupewa ushauri. Ikifika zamu yako, waweza kusema, "Leo nasikiliza tu." Yasemwayo mle hubaki mle. Utasikia Mungu akitajwa, lakini kila mmoja humtaja kadiri anavyomwelewa mwenyewe. Rafiki yangu mkubwa katika kikundi hicho alikuwa Mwislamu aliyetoka kuswali magharibi na kuja moja kwa moja. Baadaye utamwomba mmoja wa waliotangulia awe sponsa wako, yaani mtu wa kumpigia simu saa ile kiu inapokujia.

Najua utaona haya, ukidhani unakwenda kuwatwisha watu mzigo wako. Katika mwaka 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama hotelini baada ya shughuli iliyomleta kuharibika, huku vicheko vya baa vikimwita. Hakutafuta mtu wa kumhurumia. Alipiga simu makanisani akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa sababu alijua kwamba bila hivyo atakunywa. Akaelekezwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na AA, iliyoanzishwa na hao wawili, huhesabu umri wake kuanzia siku hiyo. Ndiyo maana nakwambia, mgeni anapoingia mlangoni, sisi wa siku nyingi ndio tunaopona. Wanakuhitaji, mwanangu.

Umeuliza pia kama kuna ushahidi. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 yalionyesha kwamba programu za kumwandaa mtu kwa ajili ya AA ziliwasaidia watu wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Mkeo naye aulizie Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi vilivyoanza mwaka 1951. Mama yako alichelewa kuvijua, na hilo bado linaniuma.

Ijumaa nitapanda treni ya usiku kutoka Mombasa. Chagua mkutano wowote wa Jumamosi nami nitakusindikiza mpaka mlangoni, kisha nitakaa nje nikungoje, ili useme bila kunionea haya.

Baba yako