Ndama alipuliziwa dawa ya nyanya: je, nyama inalika, na ile sindano ni ipi?

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Mimi ni mfugaji mdogo hapa Bombo, Uganda, nina ng'ombe watatu wa maziwa. Dawa ya kupe tuliyoizoea siku hizi haiui, kupe wanatembea tu. Jirani akanishauri niongeze kidogo ile ya kupulizia nyanya. Nikaweka vifuniko vitatu kwenye bomba la lita 20, nikapulizia asubuhi. Haikupita saa nzima, ndama wa miezi minne akaanza kutoa mate ya povu, machozi, kuhara na kutetemeka mwili mzima. Nilimnywesha maziwa na mayai mabichi kama wazee walivyotufundisha, lakini akazidi. Tukamuwahi kwa kisu. Mama yake naye alitokwa na mate, ila afisa mifugo alimchoma sindano akapona. Mbwa aliyekula utumbo wa ndama alianza kutapika na kuyumba jioni ile ile. Sasa naomba kujua: nyama iko kwenye friza, na alichinjwa akiwa hai, je, inalika? Maziwa hayaui sumu? Ile sindano ni ipi, niinunue niweke nyumbani? Na mbwa nimfanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam, na pole sana kwa hasara.

Naanza na nyama kwa sababu iko nyumbani na watoto wapo. Msiile. Kuchinja kunatoa damu, hakutoi dawa iliyokwisha kuingia kwenye ini, mafuta na misuli, na kuichemsha hakuifanyi kuwa salama. Mbwa wako ameshakujibu kabla yangu. Ifukieni yote, pamoja na ngozi na matumbo, mbali na kisima, kwenye shimo la kina ambalo mbwa hataweza kulifukua. Sumu iliyo ndani ya mzoga haiishii kwa mnyama wa kwanza. Mwaka 2018 simba 11, wanane kati yao watoto, walikutwa wamekufa karibu na kijiji cha Hamukungu katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mzoga uliotiwa sumu ndio ulioshukiwa. Maziwa ya yule ng'ombe aliyepona nayo mwageni, asiyanyonye hata ndama mwingine. Usiniulize ni kwa siku ngapi, maana dawa ya nyanya haikutengenezwa kwa ng'ombe, kwa hiyo lebo yake haina idadi ya siku za kusubiri maziwa. Afisa mifugo aliyemwona ndiye atakayekuambia, akishaiona chupa.

Maziwa na mayai hayaui sumu. Sumu ya ndama wako ilipita hasa kwenye ngozi, kwa hiyo sehemu kubwa yake haikukutana kabisa na ulichomnywesha. Kibaya zaidi, mnyama anayetetemeka na kutoa povu hamezi vizuri. Unachomimina kinaingia kwenye mapafu, na baadhi ya wanaopona sumu huja kufa siku chache baadaye kwa nimonia ya maziwa waliyonyweshwa. Kilichotakiwa dakika zile ni maji mengi na sabuni, tena haraka, ukiwa umevaa glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu dawa inayopita ngozi ya ndama inapita na yako.

Dawa nyingi za kupulizia mboga zipo katika kundi la organofosfati au la karbamati. Mwilini kuna kimeng'enya (enzaimu) kinachozima ujumbe wa neva baada ya kufika kwenye msuli au tezi. Dawa hizi hukifunga hicho kimeng'enya, basi kila tezi inaendelea kufanya kazi bila kupumzika: mate, machozi, makamasi, mkojo, kinyesi. Mboni ya jicho inajikunja ikawa ndogo kama tundu la sindano. Mapafu yanajaa ute, na hicho ndicho kinachoua. Ndama alitangulia kwa sababu mwili wake ni mdogo na ngozi yake nyembamba, na bila shaka alijilamba na kunyonya chuchu zilizopuliziwa.

Sindano aliyochomwa mama yake, kwa dalili ulizoeleza, ni atropini. Nakuomba usiiweke nyumbani, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Kipimo cha mifugo huanzia miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito. Chukua ndama wa kilo 60 kwa miligramu 0.25: anahitaji miligramu 15. Zile chupa ndogo za duka la dawa za binadamu mara nyingi zina miligramu moja tu, kwa hiyo utavunja 15 kwa ndama mmoja, na kwa ng'ombe wa kilo 400 utavunja 100. Robo ya dawa inaingia polepole kwenye mshipa, iliyobaki chini ya ngozi, kisha tunasikiliza mapafu na kutazama mate. Yakikauka, tunasimama. Tukizidisha, tumbo linalala na ng'ombe anavimba gesi. Tukipunguza, dalili zinarudi baada ya saa chache, ndiyo maana mgonjwa wa namna hii haachwi usiku wa kwanza. Atropini pia haizuii kutetemeka kwa misuli. Kwa hilo ipo pralidoksimu, inayokifungua kimeng'enya kilichofungwa na organofosfati ikitolewa mapema, lakini kuipata nje ya Kampala ni kazi.

Sababu ya pili ni nzito kuliko hiyo. Dawa nyingi za kupe hapa kwetu zina amitrazi, na sumu ya amitrazi haitibiwi kwa atropini. Mnyama wa amitrazi hatoi mate mengi: anasinzia, anayumba, moyo unapiga polepole, mboni inapanuka, tumbo linasimama. Ukimchoma atropini unazidi kulisimamisha tumbo. Huyo anaoshwa, na dawa yake ni yohimbini au atipamezoli. Lipo na kundi la pairethroidi, ambalo ng'ombe huvumilia vizuri lakini paka hawaliwezi kabisa. Paka aliyepakwa dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, mojawapo ya kundi hilo, hutetemeka na kushikwa na degedege, na kwake ni kuoshwa kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha kupelekwa akadungwe dawa ya kutuliza misuli. Wewe ulichanganya dawa mbili ndani ya bomba moja. Bila kuona chupa zote mbili, hata mimi ningekuwa nabahatisha. Mkimwita daktari, mwonyesheni chupa kabla hajamgusa mnyama, na kama lebo imebanduka, semeni duka mlikonunua.

Tena si kila anayetetemeka amepata dawa. Huko kwenu wilaya ya Luwero mna mihogo mingi, na kila kiangazi napigiwa simu kuhusu mbuzi waliokula majani au maganda mabichi, au mtama unaochipua upya baada ya ukame. Hiyo ni sayanaidi. Inaua ndani ya dakika chache hadi saa moja, na ukifunua mdomo kwenye mwanga wa jua utaona ufizi na damu vyekundu vya kung'aa, ilhali mnyama anahema kama aliyekosa hewa. Tunamdunga thiosulfati ya sodiamu kwenye mshipa, miligramu 500 kwa kilo au zaidi, tukimkuta yu hai. Damu ikiwa na rangi ya kahawia, hiyo ni naitreti ya majani yaliyotiwa mbolea nyingi, na dawa yake ni methilini ya buluu.

Jikoni kuna dawa moja tu ninayoiheshimu: siki, kwa ng'ombe aliyelamba mbolea ya urea. Anavimba, anatetemeka, anahema. Lita 2 hadi 6 za siki pamoja na maji mengi ya baridi humwokoa akiwahiwa, ila zipitishwe kwa mpira hadi tumboni na mtu anayejua.

Tuje kwa mbwa. Kumtapisha ni kabla dalili hazijaanza. Akishayumba, usimpe chochote mdomoni. Mpeleke kwa daktari, ueleze kwamba alikula utumbo wa mnyama aliyepuliziwa dawa ya nyanya iliyochanganywa na ya kupe, na uonyeshe chupa zote mbili. Huko, ikionekana ni organofosfati au karbamati, atachomwa atropini, na akiweza kumeza atapewa mkaa wa dawa, gramu 1 hadi 4 kwa kilo. Ni ule unga mweusi wa duka la dawa. Makaa ya jikoni yaliyosagwa hayana nguvu hiyo. Na kwa kuwa wengi huniuliza sumu ya panya: ile ya kuzuia damu kuganda huchelewa siku 3 hadi 5 kabla ya kuonekana, na inatibika kwa vitamini K1 kila siku kwa wiki tatu au nne pamoja na chakula chenye mafuta. Vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ni jambo lingine. Vinatoa gesi tumboni na havina dawa ya kuvizima. Mbwa aliyevimeza asipewe chakula wala maji, na akitapika ndani ya gari, shusheni vioo, maana gesi hiyo inawaumiza na ninyi.

Tatizo lako la kupe halikwisha, kwa hiyo nalo tulimalize. Kupe wasiokufa kwa dawa ya kawaida wapo, hasa kwenye ukanda wa ng'ombe, yaani maeneo ya Uganda yenye ufugaji mwingi, lakini nyumba nyingi ninazotembelea naona kwanza kipimo kibovu. Amitrazi ya asilimia 12.5 kwa kawaida ni mililita 2 kwa lita ya maji, yaani mililita 40 kwa bomba lako la lita 20. Kifuniko hakikwambii hilo, kwani kila chupa ina kifuniko chake. Nunua bomba la sindano la mililita 20 upimie. Ng'ombe alowe hadi ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya mapaja, maana huko ndiko kupe wanakojificha. Ukifanya hivyo kwa usahihi na bado wanatembea, badilisha kundi la kemikali, usibadilishe jina la chupa tu. Dawa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na kemikali ile ile. Soma maandishi madogo. Kupe walio hai watie kwenye kichupa chenye matundu ya hewa, umpe afisa mifugo awapeleke Chuo Kikuu cha Makerere wakapimwe wanakufa kwa dawa gani.

Kabla ya kuifukia ile nyama, kata kipande cha ini, ukifunge kwenye mifuko miwili, ukigandishe mahali pasipo na chakula, uandike tarehe. Ukitaka kumdai aliyekuuzia, Maabara ya Serikali pale Wandegeya, Kampala, wanapima sumu, lakini peleka kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya ili sampuli iwe na barua.