Kutaja sitiari tu hakukupi maksi

Nimekuja Uingereza nina miaka 14, Kiingereza cha kuungaunga, na kabla sijazoea hata baridi nikapewa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Esei ya kwanza nikajaza majina ya mbinu, hapa sitiari, hapa takriri, pale tashihisi, nikajua nimemaliza kazi. Ikarudi na maksi 9 kwa 30, na pembeni ya kila aya mwalimu kaandika: kwa hiyo?

Kilichonisaidia ni Kiswahili, amini usiamini. Kuna pale Lady Macbeth, mke wa Macbeth, anaambiwa mfalme Duncan anakuja kulala kwao na yeye kichwani ameshamuua, anamwambia mumewe huyo mgeni "must be provided for". Nimesoma mara nne sioni kitu. Nikaigeuza: mgeni lazima ashughulikiwe. We! Ashughulikiwe kwa wali na kitanda, au kama kibaka anavyoshughulikiwa sokoni? Mstari unaofuata mauaji anayaita "business", nako nikasikia shughuli, kama vile nyumbani kuna harusi. Kumbe huyu mama anaua kwa lugha ya ukarimu, na hapohapo juu kidogo katoka kumwambia mume awe kama ua ila nyoka yuko chini yake, sasa maneno yake yenyewe ndo ua.

Kwa hiyo ukikuta neno limekuvuta, litoe, weka la kawaida, hapo ningeweka "auawe". Angalia kimepotea nini. Hicho kilichopotea ndo unaandika, jina la mbinu (hii ni tafsida, kusema jambo baya kwa maneno laini) litakuja lenyewe, na hata ukilisahau hujafa. Ila kwa sauti za maneno ujanja huu haufanyi kazi, hizo soma kwa Kiingereza kwa sauti, wakucheke tu.

Na umbo msiliruke jamani. Lady Macbeth karibu mchezo wote anaongea kwa mizani, kama 10 kila mstari, halafu sehemu (Act) ya 5 anatembea usingizini na mizani inakatika, anaongea nathari, yaani maneno ya kawaida yasiyo ya ushairi, ya vipandevipande. Wenzangu wote waliandika damu anayoiona mkononi hapo usingizini, mimi nikaandika hiyo mizani, na pembeni safari hii hapakuwa na swali.

Mtihani wenyewe huingii na kitabu, so usikariri hotuba nzima. Maneno matatu manne uliyoyaelewa yanatosha kujaza ukurasa.