Shemeji anasema mjane hana chake: je, ni kweli?

SWALI: Mume wangu amefariki mwezi uliopita. Ameacha mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, wote wadogo, na mama yake yu hai. Kaka yake anataka nirudi kwetu, anasema mjane hana chake ila nguo alizovaa. Nusu ya mahari yangu sikuwahi kupewa. Nina haki gani? – Mjane, Mombasa

JIBU: Pole sana dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Maneno ya shemeji yako si sheria ya Kiislamu. Baada ya vita vya Uhud, mjane wa sahaba Sa'd bin Rabi', aliyeuawa humo, alimwendea Mtume (s.a.w.) na mabinti zake wawili, akalalamika kuwa ami yao amechukua mali yote. Aya za mirathi zikateremka, na ami akaamriwa awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni (moja ya nane), naye achukue kilichosalia. Wewe una mtoto wa kiume, kwa hiyo shemeji yako hana hata hicho kilichosalia. Mtoto wa kiume humzuia ami yake asirithi.

Kabla ya kugawa, toeni gharama za maziko, kisha madeni. Mahari usiyolipwa ni deni kama la dukani. Unaidai kwanza, halafu unarithi. Angalia cheti cha ndoa kimeandika nini, na watafute mashahidi wa nikahi. Vitu ulivyonunua kwa pesa yako, au alivyokupa akiwa hai, ni vyako na havihesabiwi kabisa. Hapa ndipo wajane wengi ninaowawakilisha hupoteza: cherehani yake, friji yake, vyote vinaandikwa "mali ya marehemu" naye amenyamaza kwa huzuni.

Tuseme mali ni shilingi 5,000,000, maziko na madeni mengine 100,000, mahari yako 100,000. Zinabaki 4,800,000. Wewe una thumni, 600,000. Mama mkwe ana sudusi (moja ya sita), 800,000. Zinazosalia 3,400,000 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na kila binti fungu moja: 1,700,000 kwake, 850,000 kwa kila binti. Mali ya mayatima hao ni amana. Ami hana ruhusa ya kuifanyia biashara yake.

Kuhusu kuhama, eda yako, yaani muda wa mjane kungoja baada ya kufiwa, ni miezi 4 na siku 10, au mpaka ujifungue kama una mimba. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, una haki ya kukaa humo nyumbani mpaka iishe. Na baada ya eda, watoto wako ni warithi wa nyumba hiyo. Nani atawatoa?

Fungua shauri la mirathi Mahakama ya Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa mamlaka ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Chukua cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za mali. Mpaka kadhi atoe uamuzi, karatasi yoyote utakayoletewa na ndugu wa mume usiitie sahihi.