Gitaa kwenye ndege: lifungashe kama linaenda buti, hata ukipanga kulibeba mkononi

Mkuu, umeuliza kama gitaa lako la akustiki la nyuzi za chuma litafika Muscat salama ukiunganisha ndege Doha, na kama begi laini ulilonalo linatosha, au uliache nyumbani ukanunue jingine hukohuko. Jibu langu: nenda nalo, ila si kwenye begi hilo.

Nimesafiri na gitaa kwa ndege miaka mingi, nikipiga kwenye hoteli za Ghuba na kwenye harusi za watu wetu Ulaya. Ninachokishikilia ni hiki: lifungashe kana kwamba litaenda buti, halafu ukifika mlangoni omba kwa adabu upande nalo. Wengi wanafanya kinyume. Wanachukua begi laini kwa kuwa wamepanga kukaa nalo ndani, kisha ndege inajaa, mhudumu anabandika lebo, na gitaa linashushwa kwa wapakiaji likiwa halina kinga yoyote.

Elewa kwanza gitaa linavunjikaje. Watu wanaogopa sanduku zito kulilalia. Hilo lipo, lakini kinachovunja shingo nyingi ni kasha kuanguka. Ndani ya kasha, mwili umeshikwa na sponji na shingo imelala kwenye kitako chake, ila kichwa kinaning'inia hewani na funguo zake sita za chuma za kukazia nyuzi. Kasha likipiga sakafu, mwili unasimama palepale, kichwa bado kina mwendo. Ongeza nyuzi, ambazo seti nyepesi ya chuma peke yake inavuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Na pale nyuma ya kile kijipande cheupe nyuzi zinapopita kuingia kichwani, ndipo mbao ilipo nyembamba, tena magitaa mengi yamechimbwa papo hapo kupitisha chuma cha kunyooshea shingo. Kichwa kilicholala kwa nyuma, mtindo wa magitaa ya Gibson, kinakatika kirahisi kuliko kilichonyooka, mtindo wa Fender.

Mwenzangu wa bendi alipokea kasha lake kwenye mkanda wa mizigo likiwa halina hata mkwaruzo. Kulifungua, kichwa kimekatika, kinashikiliwa na nyuzi tu. Lilikuwa kasha gumu, la bei kubwa. Chini ya kichwa hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo kazi kubwa iko ndani. Tafuta kasha gumu linaloubana mwili wa gitaa lako sawasawa, si la saizi iliyozidi. Legeza nyuzi toni moja au mbili, usizitoe kabisa. Chukua kanga kuukuu au fulana za pamba, kunja moja, isukume chini ya kichwa mpaka kikae juu yake bila kuinuliwa. Jaza kushoto na kulia, kati ya funguo na ukuta wa kasha. Weka kitambaa kingine juu, kiasi kwamba kifuniko kikifungwa kinagusa tu. Kisha nenda upande wa pili, pale kwenye kitufe cha mkanda wa kuvalia gitaa, uzibe nafasi iliyobaki, maana gitaa likiteleza kwa urefu kichwa ndicho kinachogonga. Kapo (kibano cha shingoni), tyuna na chupa ya mafuta ya nyuzi visibaki humo ndani. Funga, inua, tikisa, simamisha, laza. Ukisikia kitu kinasogea, fungua uanze upya. Mimi sitoki nyumbani mpaka kasha liwe kimya.

Ukiwa na gitaa la umeme lenye shingo ya skrubu nne, una bahati: fungua shingo kwa bisibisi, funga kila kipande kwa nguo, weka kwenye sanduku la kawaida. Skrubu zitie kwenye kifuko na uzipeleke buti pamoja na bisibisi. Koleo la kukatia nyuzi pia liende buti, ukaguzi wa mkononi unaweza kukunyang'anya.

Sasa kupanda nalo. Gitaa lina urefu wa kama mita moja, na vipimo vya mzigo wa mkononi kwa mashirika mengi vinaishia kama sentimita 55, kwa hiyo kwa karatasi huna haki. Utasoma mtandaoni kwamba sheria inakulinda. Hiyo ni ya Marekani: tangu Machi 2015 mashirika ya kule yanatakiwa kuruhusu gitaa ndani kama nafasi ya juu ipo wakati unapanda. Kwa safari yako haikusaidii. Soma sera ya shirika lako kabla ya kulipia tiketi, waandikie barua pepe, na majibu yao yaweke kwenye simu. Uwe mbele kwenye foleni ya kupanda. Wakikataa, usigombane, uliza kama kuna kabati la makoti, na kama hakuna, omba ulipokee mlangoni mwa ndege badala ya kwenye mkanda. Kununua kiti cha pili inawezekana kwa baadhi ya mashirika, ila kwa gitaa la bei ya kati hesabu haikubali.

Anayeanzia mikoani kwa ndege za mapangaboi, ATR au Q400, ajue makabati ya juu ni madogo, gitaa litaenda buti. Na zile ndege ndogo za Caravan za Zanzibar zinataka begi laini na mzigo wa kama kilo 15, kasha gumu wanaweza kulikataa kabisa. Hapo panda boti mpaka Dar, ndege uikute huku.

Ukifika, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla hujafungua kasha. Washa tochi ya simu, pitisha ukucha nyuma ya shingo karibu na kichwa taratibu. Ufa mdogo unausikia kabla hujauona. Angalia daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi mwilini, kama halijanyanyuka. Kukiwa na shida, nenda dawati la mizigo uandikishe ripoti palepale, upige picha za kasha, lebo na gitaa. Kwa Mkataba wa Montreal, wa kimataifa wa usafiri wa ndege, ambao Tanzania na Oman zote zimo, malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Kikomo cha fidia tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), takriban dola 2,000. Kama gitaa lina thamani zaidi, tangaza thamani yake kwenye kaunta na ulipie nyongeza, au likatie bima. Na kichwa kikikatika, usikiunganishe na kukitenganisha kukijaribu, wala usitie supagluu. Legeza nyuzi, usiguse mpasuko, mpelekee fundi. Ufa mrefu wa mshazari ukiunganishwa kwa gundi nzuri ya mbao na vibano, unashika.

Forodha: piga picha ya namba ya gitaa, tembea na risiti, na kabla ya kuondoka waulize watu wa forodha karatasi ya kuonyesha linatoka nchini nawe, usije kudaiwa ushuru ukirudi. Mbao pia zina sheria. Miti yote ya jenasi ya Dalbergia, mpingo wetu ukiwemo, iliingizwa kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Januari 2017, lakini tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa. Rosewood ya Brazili, nayo ya jenasi hiyo, haimo kwenye msamaha huo, wala pembe za ndovu kwenye magitaa ya zamani. Hizo zinahitaji kibali.

Hali ya hewa ndiyo itakayokusumbua huko. Gitaa lililozoea unyevu wa Dar likilala miezi kwenye chumba cha hoteli chenye AC usiku na mchana, mbao inakauka, ncha za freti, vile vyuma vya shingoni, zinaanza kukukwaruza vidole, mwisho uso wa gitaa unapasuka. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Nunua kipimo kidogo na pakiti za kurekebisha unyevu, usiku lilaze ndani ya kasha lililofungwa, na siku ya kufika liache masaa kadhaa kabla ya kulifungua tena baada ya ule ukaguzi wa uwanjani.

Tuma picha ya kichwa cha gitaa kutoka pembeni na vipimo vya ndani vya kasha utakalopata, nikuelekeze wapi pa kujaza.